Kikaragosi Kilichokataa Kupiga Magoti

Kila Jumatano baada ya masomo, madawati ya darasa la sita yalisukumwa ukutani na sanduku la vikaragosi likafunguliwa. Msumari alikuwa wa kwanza kufika. Jina hilo alibandikwa na babu yake, fundi seremala, aliyesema kwamba mtoto huyu ukimgonga kichwani anazidi kuzama palepale. Kikaragosi chake kilikuwa mwanamke mtumwa wa mbao, mwenye nyuzi mikononi na magotini, na kipande cha gunia kiunoni.

Mchezo ungeonyeshwa Ijumaa mbele ya wazazi na wanafunzi wadogo. Mwalimu wa historia ndiye aliyeutunga. Watu wanakamatwa, wanafungwa minyororo, wanalima mashamba ya bwana miaka nenda miaka rudi. Mwishoni sheria inabadilika, bwana anawafungulia, na yule mwanamke anapiga magoti na kusema, "Asante, bwana, kwa kutupa uhuru."

"Mwalimu, anamshukuru kwa lipi?" Msumari aliuliza Jumatano ile.

"Ndivyo ilivyoandikwa. Vuta uzi tuendelee, muda hautungoji."

Akavuta. Magoti ya mbao yaligonga meza na wenzake wakacheka. Njiani kurudi nyumbani roho ilimuuma kana kwamba ni yeye aliyepigishwa magoti.

Alhamisi, wakati wa chakula cha mchana, alipita kwenye karakana ya babu yake akaomba gundi ya mbao.

"Ya nini, mjukuu wangu?"

"Ya kikaragosi cha shule, babu."

Huo haukuwa uongo, ingawa haukuwa ukweli wote. Uongo ulikuja baadaye, alipomwambia rafiki yake Kimbaumbau, msichana mrefu aliyetunza ufunguo wa sanduku, kwamba anataka kukaza uzi uliolegea. Kimbaumbau akamfungulia na kwenda zake kucheza. Msumari akamimina gundi kwenye viungo vyote viwili vya magoti.

Ijumaa asubuhi, katika mazoezi ya mwisho, uzi ulivutwa na magoti yakagoma. Mwalimu alikigeuza kikaragosi, akaona gundi.

"Nani kafanya hivi?"

Wanafunzi wakatazamana.

"Ufunguo anao nani?"

Macho yote yakamgeukia Kimbaumbau. Mwalimu akanyoosha mkono. "Lete hapa. Leo hutacheza."

Kimbaumbau alimtazama Msumari mara moja tu, kisha akaanza kuvua kamba ya ufunguo shingoni. Machozi yalimlengalenga, lakini hakumtaja mtu. Msumari aliona aibu kuliko siku zote za maisha yake. Akasimama.

"Ni mimi, Mwalimu. Yeye nilimdanganya. Magoti nimeyagandisha mimi, na sijutii kuyagandisha. Ninachojutia ni kumponza mwenzangu."

"Wewe huoni haya?"

"Kwa Kimbaumbau naona. Kwa yule bwana, hapana. Mtu akiniibia mbuzi, akamkamua miaka kumi, kisha akanirudishia, nimpigie magoti?"

Mwalimu aliketi juu ya sanduku na kuitazama karatasi yake ya mchezo. Kisha akatoa kalamu mfukoni.

"Mstari huu nilifundishwa nikiwa na umri wenu," alisema, "nami nikaunakili bila kuuliza." Akaufuta. "Haya, Msumari. Mwanamke wako angesema nini?"

Alasiri ukumbi ulijaa hadi milangoni. Bwana wa mbao akatangaza kwa maringo kwamba anawapa watu wake uhuru. Yule mwanamke alisogea mbele, magoti yamenyooka, akamwangalia usoni.

"Hukunipa kitu, bwana. Umerudisha kilichokuwa changu, tena umechelewa."

Wadogo waliokaa sakafuni walisimama wote na kupiga makofi. Kwenye safu ya tatu babu aliyakagua yale magoti, akamkagua mjukuu wake, akatikisa kichwa huku akicheka.

Baada ya watu kuondoka, Mwalimu aliwaita wote kando ya sanduku na kumrudishia Kimbaumbau ufunguo.

"Nilikuhukumu bila kuchunguza. Nisamehe," alimwambia. Kisha akamgeukia Msumari. "Watumwa walivunja majembe kwa siri, wakajifanya wagonjwa, wakatoroka, kwa sababu aliyesema 'sitaki' mbele ya bwana aliweza kuuawa. Wewe hujashikiwa fimbo. Mtu huru husema 'sitaki' mchana kweupe, wala hamwachi mwenzake abebe adhabu yake."

"Lakini nilikuuliza, Mwalimu, ukaniambia nivute uzi."

Mwalimu alikubali kwa kichwa.

"Kweli, na hapo nilikosea mimi. Siku nyingine nikikujibu hivyo, uliza tena. Uliza hata mara kumi. Uhuru haulindwi na watu walionyamaza." Akamkabidhi ufagio. "Ila kwa uongo uliomwambia rafiki yako, utafagia darasa hili wiki nzima."

"Nitafagia," alisema Msumari, akaupokea. "Lakini magoti siyabandui."

"Hakuna aliyekuomba uyabandue," alijibu Mwalimu, na kukilaza kikaragosi ndani ya sanduku, miguu imenyooka.