Vidole vya Mama Fundi

Kila asubuhi Mama Fundi alifuta cherehani yake kwa kitambaa kikavu. Kisha alifumba macho na kusema, "Mungu wangu, bariki mikono hii." Ndipo alipoanza kushona sare za shule.

Mwaka ule mikono ile haikukosa bandeji. Sindano ilimtoboa kidole mara tatu. Pasi ilimuunguza mara moja. Kila mara alikwenda zahanati na kadi yake ya bima. Mganga alisafisha kidonda, akaandika kwenye fomu ya bima: jeraha la kidole. Basi.

Nyumbani walijua zaidi. Wakati mwingine Mama Fundi alinyamaza ghafla. Macho wazi, mdomo ukitafuna hewa. Ukimwita, hasikii. Baada ya dakika moja aliuliza, "Mlikuwa mnasema nini?"

Wifi yake, aliyeishi nao, alimtania. "Wifi kasafiri tena! Zawadi yangu iko wapi?"

Wote walicheka. Lakini Mama Fundi aliogopa. Mwezi uliofuata binti yake angemletea mjukuu mchanga amlee. Je, akizubaa amembeba? Alimwambia Mungu tu. Watu wangesema amerukwa na akili.

Siku moja mlangoni alisimama dada mmoja mwenye karatasi za maswali.

"Shikamoo, mama. Tunafanya utafiti wa magonjwa ya ubongo na akili. Majibu yenu ni siri."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Kuna mtu humu anayeanguka na kutetemeka?"

"Hakuna."

"Anayezubaa ghafla, asisikie akiitwa?"

"Hakuna."

Wifi alikohoa. "Na zile safari zako?"

"Wewe nawe! Mdomo wako hauna mlango?"

"Safari gani, mama?" aliuliza mgeni kwa upole.

Mama Fundi aliweka mkasi chini. Alimfikiria mjukuu. Akaeleza yote.

"Mimi si daktari," alisema mgeni. "Siwezi kusema unaumwa nini. Ila nina ombi. Ukikubali, tutaunganisha majibu haya na kumbukumbu zako za bima."

"Bima? Hao wanajua vidole vyangu tu."

"Ndiyo maana. Bima wanajua vidole, hawajui safari. Sisi tumejua safari, lakini vidonda vyako vyote hatuvijui. Tukiweka pamoja karatasi za watu wengi, tutaona ni wangapi wanatibiwa vidonda tu huku ugonjwa umejificha."

"Na jina langu?"

"Linatolewa, inabaki namba. Ukikataa pia ni sawa. Kadi yako itaendelea kufanya kazi."

"Na utani wangu umeuandika?" aliuliza wifi.

"Nimeuandika. Umetusaidia."

Mama Fundi aliinamisha kichwa. Kisha akatia sahihi.

"Usingoje utafiti uishe," alisema mgeni. "Nenda hospitali, ueleze pia kuhusu hizo safari. Nenda na wifi yako, maana wewe mwenyewe huzioni."

Hospitalini daktari alimsikiliza wifi kwa makini, akafanya vipimo.

"Mama, hiki ni kifafa," alisema. "Si kila kifafa humwangusha mtu; wewe kinakuzubaisha hadi unajiumiza vidole. Si wazimu, wala si adhabu ya Mungu. Utameza vidonge kila siku. Usiviache bila kuniuliza. Kwa sasa usimbebe mtoto, usipike wala usishone ukiwa peke yako."

Mjukuu alipokuja, wifi ndiye aliyembeba. Safari zilipungua, kisha zikakoma. Miezi mingi ikapita. Siku daktari aliporuhusu, Mama Fundi alimpokea mtoto mikononi, akafumba macho kusali.

Mwaka uliofuata alimpeleka mjukuu zahanati kupata chanjo. Mbele yao alikaa mwanamume aliyeungua mkono.

"Hii ni mara ya tatu," mganga alimwambia. "Utafiti ulipounganisha majibu ya nyumbani na fomu za bima, tuliona tunafunga vidonda bila kuuliza. Sasa tunauliza. Je, huwa unazubaa, usisikie ukiitwa?"

"Hapana," alijibu haraka, akitazama sakafu.

Mama Fundi alimhamishia mjukuu bega la pili. Akanyoosha vidole vyake vizima, akamgusa yule mwanamume begani.

"Sema, mwanangu," alisema. "Mimi pia nilijibu hapana."