Vibendera vya Njano

Kila Jumamosi, wakishamaliza kula chapati za maji, Maren Tollefson alikuwa na kazi ya kukata nyasi za uani. Mdogo wake Emmett, wa darasa la kwanza, alipewa kazi ya kuokota vijiti. Aliokota viwili, akachoka, akaenda kucheza.

Nyumba yao ya mjini Duluth ilikuwa na vyumba viwili tu vya kulala, kwa hiyo watoto walilala pamoja. Emmett aliongea usingizini, na panya wake wa kufugwa alikimbia ndani ya gurudumu lake usiku kucha. Chini ya nyumba kulikuwa na chumba kikubwa, kikavu, kimya, kilichowekwa mapambo ya Krismasi tu. Maren alikitamani mno.

"Chumba kisicho na dirisha la kutokea hakilaliwi na mtu," baba yake alimwambia kila alipouliza. "Moto ukishika ngazi utapitia wapi? Bombani?"

Mwaka huo wazazi walikubaliana kutoboa ukuta wa chini, waweke dirisha kubwa, na nje yake wachimbe shimo pana ambalo mtu akitoka dirishani atapandia hadi juu. Mama alikuwa na sababu yake. "Siku tukitaka kuuza, nyumba ya vyumba vitatu si sawa na ya viwili," alisema. "Thamani itapanda." Maren hakujali thamani. Alitaka kulala bila kusikia gurudumu la panya.

Kabla ya kuchimba, watu wa kampuni ya gesi walikuja wakapiga rangi ya njano kwenye nyasi na kuchomeka vibendera vya njano, kuonyesha bomba la gesi linapopita chini ya ardhi.

"Ukikata nyasi, vizunguke," baba alimwonya. "Usiguse hata kimoja. Bomba likitobolewa, nyumba nzima inaweza kulipuka."

"Nimesikia, Baba."

Na kweli alisikia. Lakini Jumamosi hiyo rafiki yake Joss alikuwa nje na baiskeli, anapiga kengele.

"Bado tu? Konokono angeshamaliza!"

Kuzunguka kila kibendera kulimchosha Maren. Aliangaza huku na huku, akaving'oa vyote, akapitisha mashine, kisha akavirudisha kwa kukadiria, katika mstari ulionyooka. Rangi nayo ilikuwa imekwenda na nyasi.

Jioni baba alisimama uani akitabasamu. "Kazi safi, binti yangu. Hata fundi asingefanya hivi." Sifa ile ilimchoma Maren kuliko karipio. Alikula viazi vyake, akaenda kulala mapema.

Kesho yake asubuhi alifika jirani yao, Bwana Ostrowski, mtu wa tumbo kubwa na mzaha mwingi, akiendesha katapila ndogo aliyokodi kwa siku moja.

"Ni leo au basi," alisema. "Kesho naenda zangu kuwinda paa. Nikirudi, baridi itakuwa imeanza kugandisha ardhi."

Maren alimwelewa vizuri. Akisema alichofanya, katapila itaondoka na chumba chake kitaondoka nayo, labda mpaka theluji iyeyuke mwakani. Akinyamaza, huenda vibendera viko mahali pake. Au karibu na mahali pake.

Katapila ikanguruma. Emmett alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, anapiga makofi. Kijiko cha chuma kikainuka, na Maren akamtazama mdogo wake, kisha akakitazama kile kijiko.

"Simama! Bwana Ostrowski, simama!"

Injini ikazimwa.

"Nilivitoa," Maren akasema huku analia. "Vibendera. Nilivitoa ili nikate nyasi haraka, nikavirudisha kwa kubahatisha tu. Sijui bomba liko wapi."

Uso wa baba ulibadilika rangi. Mama alimbeba Emmett na kumwingiza ndani. Bwana Ostrowski, ambaye siku zote hakosi utani, siku hiyo aliukosa.

Katapila ilirudishwa. Siku chache baadaye mama mmoja wa kampuni ya gesi alikuja na kifaa chake cha kutafutia mabomba, akachomeka vibendera upya. Bomba halikunyooka kama mstari wa Maren. Lilipinda karibu na ukuta, palepale kijiko kilipokuwa kinashukia. Baba alipatazama, akakaa kwenye ngazi.

"Tusogeze dirisha kidogo," alisema hatimaye. "Na hata hivyo, karibu na bomba mashine hairuhusiwi. Tutachimba kwa mkono. Wewe na mimi."

Basi kila siku baada ya shule Maren alishika beleshi. Mikono ilitoka malengelenge. Joss naye alikuja na beleshi la kwao. "Mimi ndiye niliyekuharakisha," alisema, "sogea." Bwana Ostrowski alirudi kutoka mawindoni mikono mitupu, akidai paa wote walimkimbia kwa heshima, akaingia shimoni pia. Walipomaliza, asubuhi zilikuwa zimeanza kuwa na barafu. Mafundi wakakata ukuta, dirisha likawekwa.

Siku ya kujaribu kutokea dirishani, kana kwamba moto umewaka, mama alipuliza filimbi. Emmett alitoka kwanza, amekumbatia kizimba cha panya. Maren akafuata. Bwana Ostrowski aling'ang'ania kujaribu, akakwama tumbo.

"Thamani ya nyumba imepanda," alisema akihema, "lakini yangu imeshuka!"

Walicheka mpaka wakashindwa kumvuta. Alipotoka, baba alimshika Maren bega.

"Siku ile ulijua utakosa chumba, bado ukasema. Nakushukuru kwa hilo. Lakini ungeniambia jioni ile niliyokusifu, Emmett asingekaa pale karibu na hatari. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, wakati kosa bado halijamfikia mtu."

"Ndiyo, Baba."

Theluji ya kwanza ilianguka usiku. Asubuhi baba alitoka na beleshi ili azibue shimo la dirisha, akamkuta Maren ameshaingia humo, mashavu mekundu kwa baridi.

"Umemaliza?" baba akauliza.

Maren alitazama nyuma yake. Kutoka juu, shimo lote lilionekana safi.

"Bado, Baba. Ile pembe ya chini sijaifikia."

Baba akacheka, akashuka kumsaidia.