Headfoni ya Bhekumuzi

Jumamosi ile ilianza kwa chai na mkate. Binamu yangu Bhekumuzi alikuwa gerejini kwa shangazi, hapa Katlehong, akirusha ndege ya kwenye kompyuta. Jumatatu alikuwa na mtihani wa chuo cha urubani: nafasi moja, watu mia nne. Mimi nina digrii ya jiografia, na kazi yangu ilikuwa kumsomea ramani.

"Profesa, vaa headfoni nawe usikie."

"Hainiingii."

"Kichwa kikubwa, ajira hamna. Yoh!"

Usukani aliununua kwa muuza vyuma chakavu. Ulikuwa wa ndege halisi, iliyogonga mlima karibu na Heidelberg, mji wa huku kwetu, kusini-mashariki. Rubani wake, Sibisi, alitolewa mle vipande vipande. Muuzaji alisimulia hayo huku anacheka. Bheki naye, mjinga mwenzangu, akacheka.

Nikamwambia aelekee kaskazini, Polokwane. Dira ikageuka yenyewe. Kusini-mashariki.

"Rudisha, bwana."

"Hausogei."

Akauvuta usukani. Usukani ukamvuta yeye.

Mlima ukajaa skrini. Ndege ikagonga, na uso wa Bheki ukaruka mbele ukapiga kioo. Pua ilivunjika, niliisikia. Ndege ikaanza safari upya. Mlima. Kioo. Meno. Nikang'oa waya ukutani. Skrini haikuzimika. Mlima. Kioo. Vidole vyake vilikuwa vimegandia usukani; nilivibandua kimoja kimoja, na viwili vikavunjikia mikononi mwangu.

"Kuna mtu ananinong'oneza humu kwenye headfoni," alisema, mdomo umejaa damu. "Anasema, shikilia."

Shangazi yangu MaHadebe, mama yake Bheki, aliingia mbio, akatusikiliza. Alitoka akakata tawi la mti wa mlahlankosi. Kwetu, aliyekufa vibaya hufuatwa pale alipoangukia. Roho yake hupanda tawini ikasindikizwa nyumbani. Anayelibeba haongei na mtu aliye hai mpaka afike.

"Huyu rubani kaachwa mlimani," akasema. "Kesho tunamchukua, tunampeleka kwao Nquthu. Asipofika kwao, atabaki na mwanangu. Tawi utashika wewe. Na huo mdomo wako, baba, ushone."

Jumapili asubuhi Bheki aliendesha, vidole vimefungwa bandeji. Nani mwingine? Leseni alikuwa nayo yeye. Mimi nina digrii.

Mlimani nililaza tawi kwenye majani yaliyoungua. "Sibisi, twende nyumbani." Nilipoliinua lilikuwa zito, kama nimepakata mtoto aliyelala. Tukarudi garini, mimi na shangazi nyuma. Kilomita arobaini sikutoa neno.

Kisha kombi ya abiria ikatukata mbele, ikatubana ukingoni. Dereva akatoa kichwa.

"Nendeni mkachunge mbuzi, washamba!"

Miaka minne nimenyamaza mbele ya makarani wanaonirudishia vyeti bila kuvifungua. Miaka minne, voetsek, potelea mbali! Nikashusha kioo.

"Mbwa wewe! Leseni umeokota jalalani?"

Tawi likawa jepesi.

Shangazi akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Shikilia," akasema Bheki. Sauti haikuwa yake.

Gari likaacha barabara, likapiga nguzo ya daraja. Usukani ukazama kifuani mwa Bheki. Mguu wa shangazi ukakatika chini ya kiti. Nikafikiri yamekwisha. Gari likarudi nyuma, polepole, likilia. Likapiga tena. Injini ikamlalia Bheki mapajani. Alikuwa bado anapiga kelele. Likarudi nyuma.

Mara ya tatu hakupiga kelele.

Polisi walisema gari lililovunjika vile haliwezi kurudi nyuma. Nikawaonyesha alama za matairi. Wakafunga daftari. Tawi halikuonekana popote kwenye mabaki.

Tulimzika Bheki Jumamosi iliyofuata. Shangazi hasemi nami. Ana haki.

Jana mchana nilifungua gereji. Ufunguo ninao mimi peke yangu. Bheki alikuwa na kiti kimoja tu cha plastiki. Sasa viko viwili, bega kwa bega, mbele ya skrini iliyopasuka. Kwenye cha kushoto limelazwa tawi, majani bado mabichi. Kwenye cha kulia kuna headfoni.

Mtu ameipanua hadi mwisho. Sijaivaa. Lakini hata kwa macho naona sasa itanienea.