Kadi Yangu Ilipanda Mlimani Bila Mimi

Kwenye skrini ya getini niliona picha yangu.

Mimi mwenyewe, Kreszenz, nyumbani huniita Zenzi, nimecheka. Chini yake imeandikwa: AMEPANDA, saa tatu na dakika kumi asubuhi.

Lakini mimi nilikuwa nimesimama palepale chini, kwenye theluji, na ndara za ndani miguuni!

"Kassian," nikamwambia mwanangu, yeye ndiye msimamizi wa geti la lifti, vile vibanda vya waya vinavyopandisha watu mlimani. "Nani kapanda na kadi yangu?"

Akaangalia buti zake.

"Mama..."

"Nani?!"

"Baba."

Jamani!

Wajukuu zangu mnaosoma, ngojeni niwaeleze taratibu. Mume wangu Romed alifundisha watu kuteleza kwenye theluji kwa skii, zile mbao ndefu za miguuni, hapa Hinterlahn, Tirol, miaka arobaini na moja. Baadaye mapafu yakachoka. Januari ile ya 2022 daktari hakuficha. Alisema korona ikimpata huyu mzee, haponi, awe na chanjo au asiwe nayo.

Basi nikamfungia ndani. Kadi yake ya lifti niliikata kwa mkasi, yeye akiniangalia.

Kijiji kilikuwa kimejaa wageni. Vyeti vya chanjo mkononi, barakoa usoni, foleni mpaka barabarani. Mimi sikumwamini hata mmoja!

"Zenzi," aliniomba Romed, "mteremko mmoja tu. Nashuka, narudi."

"Ukishapona."

"Mimi si wa kupona, mama Kassian."

"Kunywa chai yako."

Jumamosi ile nikatoka kulisha kuku. Kurudi... kiti kitupu. Skii hazipo. Kadi yangu haipo! Nikakimbilia getini na ndara zilezile.

"Hukumjua?" nikamuuliza Kassian pale getini.

"Helmeti, miwani, barakoa... siku hizi watu wote wanafanana, Mama."

"Nimekuuliza, hukumjua?!"

Akavuta barakoa yake juu. Kisha akasema polepole:

"Nilimjua kwa mwendo. Aliniambia nisipomfungulia, atapanda kwa miguu."

"Umemuua baba yako!"

Nilipiga kelele foleni nzima ikageuka. Mwanangu wa miaka arobaini na minne akasimama analia ndani ya barakoa. Akanifungulia geti, nikapanda.

Nilimkuta Romed juu, kwenye benchi, peke yake. Amefunga skii tayari, anavuta pumzi.

Akaniona, akacheka.

"Na ndara? Wewe mwanamke utavunjika kiuno!"

"Fungua hizo skii. Tunashuka na lifti."

"Mteremko huu ni wa watoto tu, Zenzi. Hata hauna kona."

"Unataka kuniacha mjane?"

Akazitazama ndara zangu.

Akainama, akafungua skii, moja, halafu ya pili. Hakubishana tena. Tuliposhuka alizikumbatia skii zake, anautazama ule mteremko dirishani mpaka ukaisha.

Jumatano akaanza kukohoa.

Hospitali hawakuniruhusu kuingia. Nesi alimshikia simu sikioni.

"Romed, unanisikia?"

"Zenzi... usimgombeze mtoto."

Basi. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Baada ya siku sita akaondoka, na mimi niko nyumbani nimeikodolea simu macho.

Makaburini Kassian alikuja kusimama karibu yangu. Nikamwambia mbele ya padri:

"Sogea huko. Wewe na wageni wako mmemmaliza."

Akasogea.

Wiki mbili hatukusemezana. Ndipo jirani yangu Burgl akaja, akasimama mlangoni, hataki kuingia.

"Zenzi, ni mimi."

"Wewe ndiyo nini?"

"Ile Alhamisi tuliyocheza karata kwangu, siku mbili kabla Romed hajapanda... Jumamosi nilipima korona. Mistari miwili, ninayo. Niliona aibu kuwaambia."

Nikashika mlango.

Karata zetu za huku, Watten, mnacheza wawili kwa wawili, na mwenzako unampa ishara kwa uso. Unabinua mdomo, unakonyeza. Ukivaa barakoa hakuna mchezo! Kwa hiyo tulizivua, wanawake wanne, meza moja, dirisha limefungwa. Na tulicheka sana. Burgl alisema, "Hapa hakuna mgeni."

Na mimi Jumapili yake nilipata mafua. Nikajiambia ni baridi ya mlimani, nilipanda na ndara. Sikupima. Nikaendelea kumpikia Romed supu, na kuionja kwa kijiko chake.

Nilikwenda getini mbio, kizee mimi.

"Kassian! Siku ile baba yako alipanda na nani?"

"Hakupanda na mtu, Mama. Nilimpa kibanda cha peke yake. Nilikifuta mwenyewe kwanza, nikafungua madirisha yote."

"Mbona hukusema?!"

Akaendelea kukagua vyeti vya watu. Mmoja... wa pili... Halafu akasema bila kunitazama:

"Nilisikia ninyi wanawake wote wanne mliocheza karata mnakohoa. Nikajua. Nikaona bora unichukie mimi kuliko ujue ni wewe."

Wajukuu zangu... nililia pale mpaka mgeni mmoja akaniletea kiti.

Niliwaogopa watu wasionijua, kumbe ugonjwa niliubeba mwenyewe kutoka kwa shoga yangu. Nilimnyima mume wangu mteremko wa watoto, nikamrudisha ndani, karibu yangu mimi.

Unayempenda ukitaka kumlinda, muulize na yeye anataka nini na siku zilizobaki. Na kabla hujasimama makaburini kumlaumu mtu, kaa chini ujiulize wewe ulikuwa wapi.

Kassian amenisamehe. Alinisamehe siku nyingi, hata kabla sijajua nina kosa.

Mimi ndiye bado sijaweza kumtazama usoni.