Turubai Alilorudi Nalo Zahoro

Mwaka wa pili tangu mume wangu Zahoro arudi kutoka vita vya Burma, mvua za masika ziliangusha nyumba yetu ya udongo huko Kibuta. Mihogo ilikuwa imekomaa na nguruwe pori hawakutupa nafasi, kwa hiyo hatukuweza kuondoka shambani. Zahoro akatoa turubai alilorudi nalo vitani. Akakata miti saba, akaifunga pamoja kwa juu, akalizungushia turubai. Hema likasimama, limechongoka kama pia iliyogeuzwa.

"Tutalala humu mpaka tujenge," akasema.

Jioni ile ulibaki mshono wa mbele, kutoka juu hadi kwenye uwazi wa mlango. Turubai lilikuwa zito, shazia, ile sindano kubwa, haipiti kwa mtu mmoja. Mimi nikakaa ndani, yeye nje. Nikiisukuma sindano, anaivuta, ananirudishia. Hatukuwa na maneno mengi. Jua likazama, nikawa nashona kwa kupapasa.

Nikasikia harufu ya kafuri, ile ya kupaka maiti.

"Zahoro," nikanong'ona, "umepaka nini?"

Sindano ikarudi. Nikaisukuma, ikarudi tena... upesi zaidi.

Kisha nikasikia sauti ya mume wangu. Ilitoka mbali, bondeni, njia ya kisimani.

"Mwanamvua, vigingi vinne vitatosha?"

Nikaacha kushona.

Sindano ikachomoza karibu na kidole changu. Ikangoja. Sikuigusa. Ikarudi nje yenyewe, ikaingia tena chini kidogo... pale tulipoacha mlango. Uzi ukawa unavutwa. Taratibu. Taratibu.

Sauti ilinitoka uwazi ulipobaki upana wa kiganja.

Zahoro alikuja mbio, akapasua turubai kwa panga, akanivuta nje. Hapakuwa na mtu. Mshono tu, umenyooka, mzuri kuliko wangu.

Zahoro akaupapasa, akaketi chini.

"Nilikuwa na mwenzangu vitani, Pazi, mtu wa Magindu," akasema. "Alipokufa nilipewa turubai hili nimshonee humo, tumzike. Mvua ilikuwa kubwa, sina pa kulala. Nikamzika vivi hivi."

"Na miaka yote hii umekaa nalo?"

"Nilidhani amenisamehe."

Alfajiri akaanza kuchimba kaburi, alizike turubai kama sanda ya Pazi. Mimi nikaenda kumwita jirani yetu, Mzee Isihaka, aje atusomee dua. Tuliporudi tukakuta kaburi limeshafukiwa, udongo umesawazishwa na kumwagiwa maji. Jembe limelazwa kando.

Zahoro hayupo.

Tuliita mpaka jua likapanda. Ndipo Mzee Isihaka akapiga magoti, akaanza kufukua kwa mikono.

Turubai lilikuwa limeshonwa mwanzo hadi mwisho, hata pale lilipopasuliwa na panga. Na lilikuwa limejaa. Mzee akaweka kiganja juu yake.

"Ni mtu," akanong'ona. "Lakini huyu ana baridi ya mtu aliyekufa siku nyingi, mwanangu. Tusimfungue."

Nilimsihi anipe kisu. Akanikatalia. Tukamsalia, tukarudisha udongo.

Zahoro hakuonekana tena, si Kibuta, si Magindu. Nilikaa eda miezi minne na siku kumi, kama dini inavyotaka. Watu walikuja kunipa pole, nikaitikia.

Lakini mpaka leo sijui eda ile nilimkalia nani.