Siku Tisa Ambazo Hazikupimwa

Kila asubuhi kabla ya kengele, msichana mmoja wa darasa la saba alikwenda nyuma ya jiko la shule na saa ya mwalimu mkononi. Wenzake walimwita Profesa kwa kuwa alipenda hesabu kuliko kula. Alifungua bomba la chujio jipya la maji, akahesabu dakika mpaka ndoo ya lita kumi ijae, kisha akaandika kwenye daftari.

Chujio hilo lilitokana na muungano wa vyuo vikuu vitatu vya teknolojia vilivyofanya kazi bega kwa bega na kiwanda cha pampu. Vyuo vilibuni, kiwanda kingetengeneza. Shule yao ilichaguliwa kulijaribu kwa siku thelathini.

Siku ishirini na moja Profesa alipima bila kukosa. Kisha mazoezi ya netiboli yakaanza, saa ileile. "Jana dakika sita, leo nayo itakuwa sita," alijisemea, akiandika huku anafunga kamba za viatu. Siku tisa mfululizo aliandika sita, mara moja moja sita na nusu, ili zisifanane mno.

Siku ya mwisho walikuja wageni wawili: mama mhandisi wa kiwanda na kijana wa chuo aliyelibuni chujio. Mwalimu wa sayansi akawapa daftari. Kijana akafunua kurasa, uso ukimchanua.

"Halijapunguza kasi hata kidogo!"

"Basi Jumatatu tunaanza kutengeneza," mhandisi alisema. "Shule mia mbili zinasubiri."

Kijana akamshika Profesa mkono kwa mikono yake miwili. "Mdogo wangu, nimehangaika na kitu hiki miaka miwili. Asante sana."

Darasa zima likapiga makofi. Profesa alihisi kila kofi linatua shavuni mwake. Akatamani ardhi ipasuke.

"Kaka, usinishukuru," alisema. "Siku tisa za mwisho sikupima. Nilikuwa uwanjani. Namba hizo nilizibuni tu."

Makofi yakakatika.

"Leteni ndoo," mhandisi akasema.

Dakika sita zilipita, ndoo haijafika nusu. Ilijaa baada ya kumi na nne. Kijana akalifungua chujio, akakuta mchanga wa kuchujia umeganda kwa tope.

"Nisamehe, kaka," Profesa alisema huku akilia.

"Nimekasirika, sikufichi," kijana alijibu. "Lakini ungenyamaza, yangeziba machujio mia mbili."

Kijana aliongeza kitambaa cha kuzuia tope, na Profesa akaomba apime upya mwezi mzima. Kwa siku kadhaa hakuweza kuinua uso darasani, lakini alipima. Safari hii dakika sita zilikuwa za kweli.

Mhandisi aliporudi, alipitisha kidole kwenye daftari, akasimama kwenye mstari mmoja: *Leo sikupima, nilikuwa naumwa.*

"Mstari huu ndio ulionifanya niamini mingine yote," aliliambia darasa. "Mimi siwezi kupima katika kila shule. Namwamini mwenzangu wa chuo, naye anamwamini huyu binti. Mmoja wetu akidanganya, sote tumedanganya, na watakaokosa maji ni watoto wenzenu. Kazi usiyoifanya, sema hukuifanya."

Kisha akatia sahihi kwenye daftari, ili kiwanda kianze kutengeneza.