Namba ya Gidioni na Tumbo la Celestini

Gidioni wa kijiji cha Keza alikuwa mtu wa jembe na mtu wa ingobyi, ile machela yetu ya kusuka. Mgonjwa akizidiwa, yeye hushika mbele. Shingo yake nene, mabega mapana. Jioni hula sahani ya ndizi na maharage, halafu nyingine.

Mwaka ule wa wakimbizi, wapimaji wa afya wa kambini walipita na kijijini kwetu. Gidioni alikuwa na kilo themanini na moja, urefu mita moja na sentimita sabini. Wakagawanya kilo kwa urefu, jibu wakaligawanya tena kwa urefu. Ikaja ishirini na nane.

"Ikizidi ishirini na tano, uzito umezidi," wakasema, wakaenda zao.

Jirani yake, mzee Celestini, alipata ishirini na nne. Mikono myembamba, tumbo limetangulia.

"Mimi niko sawa!" akajisifu. "Gidioni, umenenepa kama nguruwe wa padri."

Auleria, mke wa Gidioni, akaogopa. "Kuanzia leo, nusu sahani."

"Nusu? Nitalima na nini?"

"Lima na namba yako."

Wiki zikapita. Siku moja Celestini akaanguka kilabuni. Kichwa kinapasuka, macho yanaona giza. Wanaume wakambeba mbio, Gidioni mbele, Auleria nyuma na maji. Kwenye mlima Gidioni wa nusu sahani akaanza kuyumba.

"Mnabeba mgonjwa au mnapepeta maharage?" Celestini akalia.

Mara Gidioni akapiga goti. Celestini akabingirika hadi kwenye viazi vya watu.

"Jamani, mtaniua kabla ya ugonjwa!"

Mpita njia akapokea upande wa Gidioni, ndipo wakafika zahanati.

"Shikamoo mzee," akasema muuguzi Bonifasia.

"Marahaba. Ninakufa."

Bonifasia akampima. "Presha iko juu sana."

"Haiwezekani! Mimi ni ishirini na nne!"

"Mzee, namba ile inajua kilo tu. Haijui kama ni kilo za msuli au za mafuta. Presha haiioni kabisa. Na mama mjamzito haimfai."

Akampa dawa, akamwacha apumzike. Auleria akamweleza namba ya Gidioni na habari ya nusu sahani. Bonifasia akachukua uzi, akampima Gidioni toka kisigino hadi utosini. Akaukunja katikati, akauzungusha tumboni. Ncha zikapishana.

"Huu ni msuli wa jembe. Kiuno kisizidi nusu ya urefu."

Akakata uzi mwingine kwa urefu wa Celestini, akafanya vilevile. Ncha zikakataa kukutana.

"Uzi mfupi huu!"

"Ni urefu wako mwenyewe. Na pumua, mzee, usivute tumbo ndani."

Auleria akauliza, "Kwa hiyo namba ni ya uongo?"

"Si ya uongo, dada. Ikizidi ishirini na tano, au ikishuka chini ya kumi na nane na nusu, inakuambia njoo tukupime zaidi. Haisemi unaumwa. Mume wako umempunguzia chakula bure."

Auleria akainamisha kichwa. Jioni ile akampakulia Gidioni sahani mbili.

Celestini alimeza dawa kila siku. Akapunguza chumvi na pombe, akaanza kulima. Msimu wa kahawa presha yake ilikuwa imeshuka. Siku moja alipanda mlima kwa miguu yake, akiwahimiza waliobeba mgonjwa mwingine. Mbele alikuwa Gidioni, na hakuyumba.